Kifuniko cha Bi Kadzo

Mwanangu, mvua ile ya Mtopanga naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa kijana wa kutangatanga. Shule niliiacha mapema, leo nabeba magunia Chaani, kesho nachimba mitaro Mishomoroni. Aliyenituliza ni Bi Kadzo, mjane aliyefuga samaki wa tilapia bwawani kwake. Alinipa kazi ya kumsaidia kuwalisha.

Kila asubuhi aligonga kifuniko cha sufuria, kisha akamwaga pumba. Samaki walimiminika hata kabla pumba haijagusa maji. Mimi na udadisi wangu nikajaribu kugonga debe: hakuna aliyekuja. Kivuli cha korongo kikipita, wote walizama, na wadogo wasiomjua korongo waliwafuata wakubwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Kumbe hata samaki!

Siku moja akaja mnunuzi wa samaki wa harusi, ana haraka.

"Mama," nikasema, "tugonge kifuniko, wakija tuwatupie wavu."

Bi Kadzo akacheka. "Umezunguka mji mzima, akili umeiacha stendi? Wakivuliwa kwa sauti hii, kesho nani atakuja kula? Kifuniko ni cha chakula tu. Wavu tutauburuta kule ng'ambo ya bwawa."

Tukauburuta, huku nanung'unika.

Ndipo ikaja mvua. Ukingo wa bwawa ukabomoka, maji yakafunika shamba la mihogo, na samaki, riziki yake yote na ya wajukuu wake, wakatawanyika. Mimi nikakimbilia wavu. Yeye akakaza leso kiunoni, akaingia bwawani, akagonga kifuniko.

Wallahi, niliona maji yakitetemeka kati ya mihogo. Migongo, mikia, kundi baada ya kundi, wanarudi kwa sauti ambayo haijapata kuwadanganya.

"Ziba ukingo, we! Wasimama kama mlingoti!"

Nikaziba kwa magunia ya mchanga. Hawakurudi wote, lakini waliorudi walitosha kuanza upya.

Nimetembea kwingi tangu hapo, na sijaona shule kubwa kuliko bwawa lile. Kiumbe hujifunza kwa kile kinachomkuta baada ya kuitwa. Basi mwanao ukimwita kwa upole, usimpokee kwa fimbo. Mwenzio ukimwita mezani, usimtegee wavu. Sauti wanayoiamini usiiharibu kwa pato la siku moja, maana mafuriko hayabishi hodi.

Nenda, mwanangu. Mola akupe riziki ya halali, na siku utakapoita maji yakiwa kiunoni, akujaalie wa kukuitikia.