Siku Niliyokwenda Intavyu na Mshenga

Siku moja ambayo mpaka leo inanichekesha nikiikumbuka, mwanangu, ni ile niliyokwenda kuomba kazi hapa Birmingham nikiwa nimefuatana na mshenga. Ndiyo, mshenga. Umesoma vizuri.

Vijana wa tawi letu la umoja wa wanachuo mmetuomba sisi tuliomaliza chuo zamani tuandike neno kwa wageni wa mwaka huu. Wengine watawaandikia kwa lugha ya vitabu. Mimi nilitoka shule kwetu Uvira, Kongo, nikiwa darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu leo magari ya kazi yenye jina langu ubavuni yanapita mtaa wa Alum Rock hapa mjini kila asubuhi, na wanaoyaendesha ni watu wenye vyeti. Nitaandika kama ninavyozungumza.

Wakati huo nilikuwa kijana. Mchana nafungasha kuku kwenye kiwanda chenye baridi ya kukata masikio, jioni najifunza ufundi bomba chuoni. Hapo chuoni ndipo nilipoingia kwenye umoja huu wenu wa kindugu. Desturi zilikuwa hizi hizi: Jumamosi tunakwenda kuwatumikia wazee wa mtaa bila malipo, na kila anayeingia anapewa mlezi, mtu aliyemaliza chuo kabla yake. Mlezi wangu alikuwa Kaka Wanjala, Mkenya, muuguzi, mrefu, mwenye koti moja zuri na mdomo usiochoka. Huyo aliweza kuongea na Mwingereza mpaka Mwingereza akatafuta pa kukaa.

Basi ikatokea nafasi moja ya kujifunza kazi kwenye kampuni ndogo ya mabomba kule Longbridge. Nikiipata, naagana na kuku. Nikiikosa, narudi kwenye baridi yangu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaota wale kuku.

Nilimwendea Wanjala nikamwambia, "Kaka, Alhamisi utanisemea." Akadhani natania. Nikamweleza kwamba kwetu kijana haendi mwenyewe kuomba mke. Anakwenda mtu mzima, anasema huyu ni mchapakazi, hana ugomvi, katoka kwa watu, na kijana mwenyewe anainamisha kichwa. Anayejisifu mbele ya wageni, nani atamwamini? Na kama kwa mke ni hivyo, sembuse kwa bosi ambaye hata ukoo wake huujui? Wanjala alinitazama, akapangusa machozi ya kicheko, akasema sawa, atakuja. Wiki ile nililala kama mtoto.

Tukafika. Bosi, Bwana Colin, mtu mnene mwenye mikono ya kazi, akauliza ni nani kati yetu anayetafuta nafasi. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza kwamba ni mimi, ila huyu ni mkubwa wangu, yeye ndiye atakayesema. Nadhani hakuwa amewahi kuona jambo la namna hiyo, lakini alikuwa mtu wa watu. Akavuta kiti cha pili, akaleta chai na sahani ya biskuti. Kisha akaniuliza, haya, niambie, unaweza nini?

Nikainamisha kichwa kwa adabu, nikamgeukia Wanjala.

Wanjala akachukua biskuti.

Nikafikiri anajiandaa. Nikamgusa kwa goti. Akaichovya biskuti kwenye chai, akaila taratibu, akachukua nyingine. Bwana Colin anamtazama, mimi namtazama, jasho linanitoka ndani ya suti ya kuazima. Nikamnong'oneza kwa Kiswahili aseme, naona aibu. Akanijibu bila hata kunigeukia:

"Si uongee wewe? Mimi sijui hata bomba linafungwa upande gani. Nimekuja kukaa na wewe, basi. Mwambie ya Bibi Maureen."

Mwanangu, nilimchukia. Lakini jina hilo lilinifungua kinywa. Bibi Maureen alikuwa mjane wa Bordesley Green, kwenye zile nyumba zilizoshikana, na Jumamosi iliyotangulia tulikwenda kumkatia majani ya uani, Wanjala akiwamo. Tukakuta ndoo chini ya sinki ya jikoni na sakafu imevimba kwa maji. Wenzangu wakakata majani, mimi nikaingia chini ya sinki. Hayo nikaanza kumsimulia Bwana Colin. Kiingereza kikaniishia mapema, kwa hiyo nikaingia chini ya meza yake. Nikalala chali pale zuliani, nikamwonyesha nilivyofunga maji kwanza, nilivyofungua kiungo polepole maana bomba lilikuwa la zamani, nilivyokuta kimpira cha ndani kimekatika. Mara nikaona uso wa Bwana Colin unaingia chini ya meza. Akauliza kwa nini sikupaka gundi tu nikaenda zangu. Nikamwambia yule bibi anaishi peke yake, gundi ikiachia nani atamsikia akiita? Akapiga magoti. Akauliza jingine, nikajibu, akabisha, nikambishia. Wanaume wawili wazima chini ya meza, tunafunga na kufungua mabomba hewani, na juu yetu namsikia Wanjala anatafuna.

Tulipotoka huko, Bwana Colin akamuuliza mwenzangu kama ana la kuongeza. Wanjala akajipangusa makombo, akasema kwamba yale yote ni kweli, na kwamba yule bibi ameomba Jumamosi hii aletewe kijana huyu huyu, si kwa sababu ya sinki, bali anataka kumpikia.

Bwana Colin akacheka, akaniambia nianze Jumatatu.

Pale kituo cha basi nilikuwa na furaha na hasira kwa pamoja. Nikamuuliza Wanjala kwa nini aliniacha niadhirike. Hapo ndipo aliponikemea, na sijawahi kukemewa vizuri namna hiyo.

"Ningekusemea leo, na Jumatatu ungenibeba nikakushikie spana? Kwa yule bibi niliingia mimi chini ya sinki? Umefanya wewe, sema wewe. Mimi kazi yangu ni kukaa pale ili usiogope, na wakiniuliza kama ni kweli, niseme ni kweli."

Kisha akanipeleka Alum Rock tukale. Akataka kuninunulia kuku wa kuchoma. Nikamwambia chochote kaka, ila kuku hapana.

Ninakueleza haya kwa sababu wengi wenu mnanipigia simu. Mnaniambia, tena kwa Kiingereza na Kiswahili mnakisikia vizuri tu, nimpigie bosi fulani niseme nawajua. Sipigi. Nitakusindikiza, na nikikaribishwa ndani nitaketi. Lakini kwanza nionyeshe Jumamosi zako. Kijana anayekuja kupiga picha ameshika reki halafu anarudi garini, huyo sina la kumshuhudia.

Nenda ukachafuke, mwanangu. Usiende kwa kutafuta kazi, maana bibi wa watu si ngazi yako ya kupandia. Nenda kwa sababu amezeeka na maji yanavuja. Ukifanya hivyo kwa moyo utakuwa na jambo la kweli mkononi, na kulieleza jambo la kweli ulilolifanya si kujisifu. Hilo lilinichukua muda kulielewa. Adabu yetu ya kuinamisha kichwa ni nzuri, usiitupe, wape wazazi wako na wazee wa kanisani. Ila mbele ya mtu anayetaka kujua unaweza nini, inua kichwa umwambie.

Na ukishamaliza chuo, usirudi kwetu na hotuba. Chagua mmoja, mfuate kule anakoogopa kwenda, kaa karibu naye, ufunge mdomo. Kufunga mdomo ni kazi ngumu. Mimi mwenyewe bado inanishinda mara nyingine, kama unavyoona.

Mungu akubariki katika masomo yako na katika mikono yako. Akupe mtu wa kukaa kando yako siku sauti yako inapotetemeka, kisha akupe maisha marefu ya kukaa kando ya wengine. Amina.