Mipangilio Aliyoiacha Mkewe

Mtaa mzima ulimwita Kaawima. Alikuwa mpiga picha, na kwa miaka kumi na minane kila aliyeketi kwenye stuli yake aliambiwa neno hilo moja: kaa wima. Aliwaambia mabwana harusi, aliwaambia wazee wenye migongo iliyokwisha kujipinda, na kuna siku alimwambia mtoto wa miezi minne, mama yake akacheka mpaka picha ikaharibika. Jina likamganda. Hata barua za kutoka ofisini zilipoletwa, mpeleka barua aliuliza, "Kwa Kaawima ni wapi?"

Studio yake ilikuwa chumba kimoja, kati ya fundi cherehani na duka la dawa. Mbele palikuwa na mapazia matatu ya kuvuta, jeupe, la bluu na jekundu, taa mbili za miavuli, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa kamba ili kisitembee na wateja. Nyuma, upande wa pili wa ukuta wa mbao nyembamba, palikuwa na meza ya kompyuta. Huko ndiko alikokuwa akikaa mkewe.

Kazi waliigawana tangu mwanzo. Yeye alipiga, mkewe alisafisha. Waliponunua programu ya kutengenezea picha, ilikuja na ladha yake yenyewe: kila uso ulioingizwa ndani iliung'arisha, ikaulainisha, ikaufutia kila mkunjo. Picha ya kwanza waliyoijaribu ilikuwa ya shangazi wa mkewe. Mkewe aliitazama, akaguna.

"Huyu si shangazi. Hii ni sahani iliyooshwa."

Akaingia kwenye mipangilio. Wiki mbili hakubanduka pale. Alipunguza mng'ao, akaongeza joto la rangi, akaua kabisa ile sehemu ya kulainisha ngozi. Alipanga brashi ya kurekebishia picha ifunguke ikiwa ndogo kama ncha ya kalamu, na fremu ya kukatia ifunguke kwa kipimo cha picha ya kitambulisho. Aliporidhika, aliiagiza programu kuwa hapo ndipo pa kuanzia kila picha mpya. Toka siku hiyo watu wakaanza kuja kutoka mitaa ya mbali. Walisema, pale unatoka ukiwa wewe mwenyewe.

Kisha mkewe akasafiri. Alipata kazi ya kutunza wazee katika nchi ya mbali yenye baridi, mkataba wa miaka miwili. Miwili ikawa minne, minne ikawa sita. Watoto wao wawili walikuwa shule ya bweni, wakirudi likizo wakiwa warefu zaidi kila mara, na Kaawima akawa anapiga picha asubuhi na kuzisafisha mchana, peke yake.

Kwenye kiti cha mkewe alikuta kazi imeshafanyika nusu. Akifungua picha, ilikuja na rangi ileile. Akichukua brashi, ilikuwa ileile ndogo. Hakuna alichokigusa. Wateja wakimsifu, alijibu, "Msifuni mwenyewe," akinyoosha kidole nyuma ya mbao, kana kwamba mkewe yuko pale na angeweza kusikia. Mwaka huu mkataba wa tatu ulikuwa unakaribia mwisho, na mkewe alikuwa amesema kwenye simu, "Safari hii narudi." Kaawima alipeleka kile kiti kwa fundi kikashonwa kitambaa kipya.

Wiki ya mvua umeme ulichezacheza kama mtu mwenye homa. Siku ya tatu kompyuta ilitoa mlio mdogo, ikatoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikanyamaza. Kaawima alimwita fundi wa kompyuta, mtu mnene mwenye mdomo usiolala. Fundi aliifungua, akaichungulia kwa tochi, akavua kofia.

"Kaka, huyu tumuombee tu."

"Na vilivyomo ndani?"

"Picha zako si uliziweka pembeni?"

"Za wateja ziko kwenye diski ya nje."

"Basi shida iko wapi? Nakuletea mashine nyingine, nakuwekea programu ileile, tena toleo jipya. Utanishukuru."

Mashine ikaja, programu ikawekwa. Mteja wa kwanza alikuwa mkunga wa zahanati, mama wa makamo aliyezalisha nusu ya mtaa, na kila kitambulisho alichowahi kuwa nacho kilikuwa na picha ya pale. Kaawima alimpiga, akaenda nyuma, akafungua picha. Programu ikafanya ilivyofundishwa kiwandani. Kaawima aliichapisha bila kuangalia sana, kwa mazoea, akamkabidhi.

Mkunga aliishika mbali, akaisogeza karibu.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Ni wewe, mama."

"Mimi? Huyu hajawahi kukesha hata siku moja maishani mwake. Nikienda na hii getini watanikamata."

Walicheka wote wawili, lakini Kaawima alipobaki peke yake kicheko kilimkauka. Aliingia kwenye mipangilio. Vitufe, mistari ya kuvuta, namba kila mahali, zote sifuri au hamsini. Hakujua mkewe alikuwa ameweka ngapi. Miaka yote ile hakuwahi kuuliza. Akili yake ilikuwa imemwambia kwamba mkewe alibonya vitufe tu.

Alimpigia mkewe saa ya mapumziko yake ya mchana, wakati pekee aliokuwa na nafasi. Mkewe alipokea akiwa anatafuna.

"Baba watoto, kuna heri?"

"Heri. Ile kompyuta imekufa. Nataka zile namba zako."

"Namba zipi?"

"Za mipangilio. Mng'ao uliweka ngapi? Joto la rangi je?"

Kaawima alisikia mlango ukifunguliwa upande wa pili, na sauti ya mzee ikiita kwa lugha asiyoielewa. Mkewe akajibu kwa lugha hiyohiyo, upesi, bila kutafuta maneno, kisha akarudi kwake.

"Mume wangu, sikumbuki."

"Hata moja?"

"Ni zamani mno. Hata sura ya ile programu imenitoka. Nisamehe. Ngoja, naitwa."

Simu ikakatika. Kaawima alikaa na vipokea sauti vya masikioni shingoni. Namba angeweza kuzipata kwa njia nyingine, hilo alilijua. Kilichomchoma ni jinsi mkewe alivyosema "zamani mno," kama mtu anayezungumzia nyumba aliyopanga akiwa msichana. Kwake yeye ilikuwa jana. Alikuwa ameishi ndani ya zile namba kila siku ya kazi kwa miaka sita.

Kwenye kila studio kuna droo ya picha zisizochukuliwa. Watu hupiga, hulipa, halafu safari inavunjika au kazi inakosekana, picha zinabaki. Kaawima aliivuta ile droo, akatoa bahasha zote za enzi za mkewe. Alizitafuta picha zake mbichi kwenye diski ya nje, akaanza: picha mbichi kwenye skrini, ile iliyosafishwa na mkewe mkononi. Akavuta mstari mmoja kidogo, akachapisha, akatoka nayo mlangoni kwenye mwanga wa jua, akalinganisha. Akarudi. Akavuta tena. Fundi cherehani wa jirani alimwona akitoka na kuingia, akamuuliza kama anahesabu hatua kwa amri ya daktari.

Ilimchukua siku tisa. Na katika siku hizo alimjua mkewe kwa namna ambayo hakuwahi kumjua walipokuwa wamekaa mita mbili kati yao. Aliona kwamba mng'ao aliuweka chini kuliko mtu yeyote angedhani, ili kivuli cha chini ya shavu kibaki. Aliona makovu yote yapo. Lakini kwenye picha ya kijana mmoja wa kuomba kazi aliona kola iliyokuwa imechanika imeshonwa kwa brashi, uzi kwa uzi, na kijana mwenyewe bila shaka hakuwahi kujua. Kwenye picha ya bibi mmoja aliona jicho moja lililofifia limeongezewa tone dogo la mwanga, basi, hakuna kingine. Hakuna mpangilio wa programu ambao ungefanya hivyo. Alikuwa mkewe mwenyewe, akiinama, uso kwa uso. Kaawima aliisogeza picha ya bibi karibu na pua yake. Alitamani amuite, kama zamani, "Hebu njoo uone hapa," na mbao zile nyembamba zijibu, "Nakuja."

Mwishowe alifika mahali ambapo hakuweza tena kutofautisha. Au alichoka, hata yeye hakuwa na hakika. Alibonya pa kuhifadhi, na programu ikamuuliza kama anataka mipangilio hiyo itumike kwa kila picha mpya. Alikaa na swali hilo kwa muda. Kisha akakubali, na akaziandika namba zote kwa kalamu ya wino mzito kwenye ukuta wa mbao, juu ya kompyuta.

Akamwita mkunga, akampa picha mpya. Mkunga aliitazama kwa muda mrefu safari hii.

"Ni mimi," alisema. "Lakini si ya mkeo."

"Nimekosea wapi, mama?"

"Hujakosea. Mkeo alikuwa ananipunguzia uchovu kidogo. Alidhani sioni. Wewe umeniachia wote."

"Nikurekebishie?"

"Acha, mwanangu. Uchovu huu nimeufanyia kazi."

Haukupita mwezi, ujumbe ukaingia kwenye simu: picha ya mkewe, amejipiga mwenyewe mbele ya kabati, na chini yake vipimo vya milimita. Anahitaji picha ya kitambulisho, aliandika, mandhari nyeupe, haraka. Za huko zinamtoa kama maiti. Kaawima alijua maana yake kabla hajamaliza kusoma. Akapiga.

"Ni ya mkataba?"

"Ndiyo."

"Miaka mingapi?"

"Miwili."

"Ulisema safari hii unarudi."

"Nilisema." Sauti yake ilishuka. "Na nilikuwa nasema kweli. Wamenipa usimamizi wa ghorofa nzima, baba watoto. Nilikuwa nafagia vyumba, leo wananiuliza mimi nani apewe dawa gani. Nikirudi sasa nitajiuliza mpaka nakufa. Nikibaki pia nitajiuliza. Nimelala na hili wiki tatu."

Kaawima alikuwa na maneno mengi, ameyaweka akiba miaka sita. Akasema tu, "Nitakutengenezea. Nipe nusu saa."

Aliifungua picha ile. Mipangilio yake mipya ikaikamata papo hapo, kama ilivyokamata nyuso za watu wote, na mkewe akajitokeza kwenye skrini na uchovu wake wote. Mvi zilikuwa zimeingia juu ya masikio. Pembeni mwa mdomo palikuwa na mstari ambao yeye hakuuona ukianza. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kulainisha, ukasimama juu yake. Angeweza kumrudisha yule aliyeondoka. Zilitosha sekunde mbili. Akauondoa mkono. Akalikata kabati nyuma yake, akaweka weupe, akapima milimita. Halafu akachukua brashi ndogo, akaweka tone la mwanga kwenye kila jicho, na hapo macho yake mwenyewe yakamwaga machozi hadi akashindwa kuona alipoliweka.

Alituma. Mkewe alipiga mara moja.

"Nani kasafisha hii?"

"Nani mwingine yuko hapa?"

"Wewe? Umeniacha na mvi zangu."

"Ni zako."

"Nilikosa mtu wa kuniona nazo," mkewe akasema, na akavuta pumzi kama mtu aliyetoka kulia au anayekaribia. Kisha akasema, haraka haraka: "Wanaruhusu mume kuja. Mwezi mmoja kila mwaka. Ni haki yetu tangu mkataba wa kwanza."

"Mbona hukuwahi kuniambia?"

"Ungefunga studio wewe? Mwezi mzima? Ulipofiwa na baba yako ulifunga siku mbili, ya tatu ukawa unapiga picha za shule."

Ilikuwa kweli. Kaawima alitazama mapazia yake matatu, taa zake, kitana chake kilichofungwa kamba. Miaka sita alikuwa amemngoja mtu arudi, na haikumpitia akilini hata mara moja kwamba njia ile ina pande mbili.

"Niandikie karatasi wanazotaka," alisema.

Asubuhi ya Jumatatu alikuwa kwenye foleni ya ofisi ya vibali, bahasha kifuani. Afisa alizipanga fomu zake, akagonga mihuri, akamwambia majibu huchukua hadi miezi mitatu, na mara nyingine hukataliwa bila maelezo. Asije kuuliza kila wiki. Kaawima akasema asante.

Aliporudi alipitia kwenye soko la nguo za mitumba. Joto lilikuwa limekaza, watu wanajipepea kwa maboksi, na yeye akaulizia koti zito kuliko yote. Muuzaji alicheka mpaka akaita wenzake. Likatolewa moja la sufu, rangi ya majivu, linafika magotini. Kaawima alilivaa palepale juani, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, jasho likimtiririka, akasimama hivyo kwa muda akijaribu kupata picha ya mahali ambapo mtu angelihitaji.

"Linakubana mabegani?" muuzaji aliuliza.

"Hapana," alisema. "Nifungie."