Huku Magari Hayagandi

Watu wa mtaani kwetu Nsemulwa, hapa Mpanda, wakisikia kwamba niliwahi kuishi Kanada, swali lao ni moja: baridi ya kule ikoje? Zamani nilijaribu kuwaeleza kwa mwili wangu, masikio yanavyochoma, nywele za pua zinavyokakamaa ukivuta pumzi. Hawakuelewa. Kila mtu amewahi kuhisi baridi na kila mtu anaamini ya kwake inatosha. Hata hapa, mwezi wa sita, wanaowahi shamba huvaa makoti na kulalamika. Basi siku hizi nawaeleza magari. Gari halijikazi mbele za watu.

Gari lililolala nje kwenye baridi ile huamka kama mgonjwa. Mlango unashikana na fremu yake, na ukiuvuta kwa hasira mpira unachanika. Kiti kinakuwa kigumu kama dawati la shule. Gia unaisukuma kama mwiko kwenye ugali wa msibani. Ukiondoka, matairi yanagonga, gudu, gudu, gudu, kwa sababu ule upande uliokandamizwa chini usiku kucha umebaki bapa, na itabidi uende mwendo kidogo kabla hayajakuwa duara tena. Oili inakuwa nzito kuliko asali ya Inyonga. Dizeli ya malori inashikana kama samli. Ndani ya gari pumzi yako mwenyewe inageuka barafu juu ya kioo, kwa hiyo unakwangua nje, kisha unaingia unakwangua na ndani.

Na usiku gari linachomekwa kwenye umeme. Hapo ndipo wanapocheka.

"Kama simu?"

Kama simu. Mbele, chini ya boneti, kuna waya unaning'inia. Unauchomeka kwenye soketi ya ukutani, nao unaipasha injini moto mpaka asubuhi. Usipofanya hivyo, ukiwasha, gari linaguna mara moja tu, halafu kimya.

Mimi sijawahi kujua kukaa mahali. Baada ya kidato cha nne nilikwenda machimboni Kahama, nikahamia Mwanza kwenye samaki, kisha Dar, kisha nikarudi Mpanda nikakaa msimu mmoja na kuondoka tena. Wazazi wangu walitoka Usukumani na ng'ombe zao wakaja mpaka kijiji cha Sibwesa, na watu husema nimerithi miguu yao. Sidhani. Wao walihama wakifuata majani. Mimi nilipofika mahali nilianza kukumbuka nilipotoka, na nilipofika huko nilikumbuka pale.

Dada yangu aliolewa na kijana wa Katumba, mtoto wa familia iliyotoka Burundi miaka mingi nyuma. Kijana mwenyewe alizaliwa hapa hapa na ni Mtanzania kama sisi, lakini mjomba wetu, kaka yake mama, hakuukubali ule uchumba hata siku moja. "Mnampeleka binti kwa wakimbizi," alisema. Mama ndiye aliyesimama kidete. Baadaye huyo shemeji aliwafuata ndugu zake waliokwisha kwenda Kanada, akamchukua na dada. Mwishoni nikafuata mimi, kwa mkataba wa kiwanda cha nyama. Mtoto wa mfugaji, nilisimama kutwa nikikata mabega ya ng'ombe walioletwa mbele yangu bila ngozi, nisiweze hata kujua rangi zao.

Nilikuwa huko wakati mdogo wangu aliyebaki Sibwesa aliponipigia simu. Mama alikuwa amelazwa hospitali Mpanda, kisha wakamrudisha nyumbani. Nilijua kurudishwa nyumbani kuna maana gani.

"Kaka, njoo. Usingoje mwisho wa mwezi."

Akamsogezea mama simu. Sauti ilikuwa ndogo lakini ni yake.

"Uko wapi?"

"Nakuja, mayu." Ndivyo tulivyomwita, kwa Kisukuma.

"Umefika Tabora?"

"Bado, mayu. Ila nakuja."

"Basi nitakungoja," akasema, kama mtu anayezungumzia chakula kilichofunikwa mezani.

Tuliunganisha nguvu sote watatu, mimi, dada na shemeji, tukapata tiketi ya mtu mmoja. Dada alikuwa ananyonyesha, kwa hiyo ikawa mimi. Uwanja wa ndege ulikuwa mbali, mwendo wa saa kadhaa, na shemeji akasema atanipeleka kwa gari lake. Alikuwa amelinunua kiangazi kilichopita tu. Miaka yote ya nyuma alipanda basi la kiwanda, kwa hiyo ile ilikuwa baridi yake ya kwanza akiwa na gari. Lakini udereva hakuujifunza kule. Huku nyumbani aliwahi kuendesha lori la mahindi, Kasekese kuja Mpanda, na kila dereva wa njia ile anajua sheria ya kwanza: usiondoke bila dumu la maji. Gari la safari linanyweshwa kama ng'ombe wa safari.

Jioni ile redio ilionya kwamba baridi ya kesho itakuwa ya kuua. Shemeji alitoka nje kuliandaa gari. Nilimwona dirishani, amejifunga skafu mpaka machoni, anafungua boneti, anaingia ndani, anatoka tena. Alichomeka waya. Aliporudi aliketi karibu na hita akicheka, vidole havikunjiki.

"Shem, kesho unaondoka na gari lililoshiba," aliniambia.

Asubuhi liliwaka mara moja. Dada alinikumbatia akaniwekea chupa ya chai mapajani. Tuliondoka na matairi yakigonga, barabara nyeupe, anga jeupe, moshi wa magari ya mbele umesimama hewani hautaki kuondoka. Shemeji alikuwa na maneno mengi asubuhi ile, nadhani kwa ajili ya kunisahaulisha.

"Ukifika Sibwesa usile ugali wote. Watakuona umetoka jela."

"Nitawaambia jela yenyewe ni kwako."

"Waambie. Mjomba wenu atafurahi sana."

Tulikuwa tumeshaacha nyumba za mji nyuma yetu nilipohisi miguu inakufa ganzi. Hita ilikuwa inapuliza, lakini inapuliza baridi.

"Mbona inatoa upepo wa nje?" nilimuuliza.

Alikuwa anatazama mshale wa joto. Ulikuwa unapanda. Ulipita katikati, ukaingia kwenye nyekundu, kisha mvuke ukaanza kufuka pembeni mwa boneti. Akasimamisha gari ukingoni mwa barabara.

Nisingeamini kama nisingekuwepo. Nje palikuwa na baridi ya kuvunja msumari, na injini ilikuwa inachemka.

Tukashuka. Shemeji alifungua boneti, akagusa rejeta kwa glavu, akavua glavu akagusa kwa kidole. Ilikuwa jiwe. Maji yote ndani yake yalikuwa yameganda. Ule waya wa umeme ulikuwa umepasha injini usiku kucha, lakini rejeta iko mbele, uso kwa uso na upepo, na hakuna aliyeipasha. Injini ikawaka vizuri, ikaanza kufanya kazi, ikatafuta maji ya kuipoza, maji hayakuja. Ndiyo maana hita nayo ilikuwa inapuliza baridi.

"Shem, jana uliweka nini humu?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Ya bomba. Yalikuwa yamepungua sana, nikajaza. Tena niliweka ya moto kabisa. Ya moto, shem, ili yasigande."

Kule rejeta haiwekwi maji matupu. Inawekwa kulanti, ile dawa ya rangi isiyoganda. Majirani walikuwa wamemfundisha shemeji mambo yote: kuchomeka waya, kukwangua kioo, kubeba koleo la theluji kwenye buti. Hilo la maji hawakumwambia, na siwalaumu. Jambo linalojulikana na kila mtu ndilo ambalo hakuna anayekuambia.

Alichukua chupa ya chai aliyotupatia dada akaanza kuimimina juu ya rejeta. Yote. Ilitoa mvuke kidogo, ikachuruzika, na kabla haijafika chini ikawa vijiti vya kahawia. Majani ya chai yalionekana ndani yake kama wadudu.

"Acha, shem," nilimwambia.

"Subiri. Inayeyuka."

"Haiyeyuki."

Mwanamke mmoja wa makamo alisimamisha pikapu yake akatuchukua. Mtu hapitwi barabarani kwenye baridi kama ile, hilo wanalo. Alitufikisha kituo cha mafuta kilichokuwa mbele. Shemeji alipiga simu kila alikojua. Waliokuwa na magari walikuwa kazini, na wengine magari yao yalikataa kuwaka asubuhi ile. Gari la kuvuta lilikuwa na foleni ya watu kama sisi. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine ya kahawa nikitazama saa ya ukutani mpaka ndege yangu ilipoondoka. Sikusikia chochote. Nilikuwa nimetegemea, sijui kwa nini, kwamba nitasikia.

Shemeji alikuwa amesimama kando, anatazama ukuta. "Niambie kitu," alisema. "Nitukane hata."

Sikuwa na tusi. Alilitunza gari lile kama alivyofundishwa na barabara ya Kasekese, na alifanya hivyo kwa sababu aliyekuwa anasafirishwa ni mimi.

Nafasi nyingine kwenye ndege ilipatikana siku za mbele. Mdogo wangu alikuwa anapiga kila jioni. Mara ya kwanza alisema mama anauliza kama nimefika Tabora. Mara ya pili alisema bado anauliza. Mara ya tatu alimpigia dada, hakunipigia mimi, nami nilikuwa chumba cha pili nafunga zipu ya begi huku nikimsikia dada akipiga yowe.

Walimzika bila mimi. Ilikuwa masika, barabara ya Mpanda imeharibika, mwili haukuweza kusubiri.

Nilifika Sibwesa mchana wa mvua, nimepanda pikipiki iliyoanguka mara mbili kwenye tope. Mdogo wangu alinipeleka kaburini moja kwa moja, kabla sijanawa. Udongo ulikuwa umeshaanza kutitia upande mmoja kwa mvua. Nilitaka kulia na sikuweza. Nilichoweza ni kuokota bonge la udongo lililokuwa limeporomoka na kulirudisha juu.

Tuliporudi, mjomba alikuwa ameketi barazani na wanaume wengine watatu wa ukoo. Alinipa mkono, akaniacha nikae, akasubiri nimalize maji ya kunywa.

"Sasa mjomba," akaniambia, "dada yangu alikungoja. Tuambie ulichelewa wapi."

"Gari lililokuwa linanipeleka uwanja wa ndege liliganda, mjomba."

"Liliganda."

"Maji ya rejeta yaliganda. Ndipo injini ikachemka."

Mmoja wa wale wanaume alikohoa.

"Liliganda au lilichemka?" mjomba aliuliza.

"Yote mawili."

"Chagua moja, mjomba. Kinachoganda ni maziwa. Kinachochemka ni maji. Mimi nimezeeka lakini sijasikia kitu kinachoganda na kuchemka kwa wakati mmoja."

"Huku hamuwezi kuliona jambo hilo. Kule baridi..."

"Huku magari yanakwama. Hayagandi." Hakuinua sauti. "Na nani alikuwa na hilo gari?"

Hapo ningeweza kueleza vizuri. Ningeweza kuwaambia habari ya maji ya moto, dumu na njia ya Kasekese, nao wangeelewa, kwa sababu maji kwenye rejeta wanayajua. Lakini ningekuwa nimemweka shemeji mikononi mwa mjomba. Neno lingekuwa moja mpaka mwisho wa dunia: mkimbizi yule ndiye aliyemzuia mtoto asimzike mama yake. Na mama, aliyeutetea ule uchumba peke yake, hayupo tena wa kumjibu.

"Gari la kukodi," nikasema.

Mjomba alitikisa kichwa, kwa huruma zaidi kuliko hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa ameshaamua kwamba nadanganya, na kwamba nadanganya vibaya.

"Kama hukuwa na nauli ungesema," alisema. "Si aibu. Tungeelewa."

Jioni majirani walianza kuja kunipa pole. Mama mmoja wa nyumba ya pili, aliyekuwa akimchotea mama maji siku za mwisho, alinishika mkono akauliza lile lile, kwa upole: "Mwanangu, ulikwamia wapi? Alikuulizia sana mama yako."

Nilifungua mdomo. Mdogo wangu akaniwahi.

"Wazungu walimnyima ruhusa kazini," alisema.

"Ee Mungu wangu!" Yule mama alipiga mikono. "Hata msiba?"

"Hata msiba."

"Hawa watu wana roho gani?"

Habari ilienda kutoka mkeka mmoja hadi mwingine. Wanawake walisonya, wanaume wakasema ndiyo maana wao hawatoki hapa. Hata mjomba, kutoka barazani, alinitazama kwa namna nyingine, kama mtu aliyerudishiwa mtoto wake. Mdogo wangu hakunitazama. Kila aliyeingia uani alikuja kwanza kwangu, akainama, akasema pole sana kwa kunyimwa ruhusa, nami nikawa napokea, nasema asante, asante, mpaka wakamalizika.