Waliomba Uwanja, Hawakusema Msiba

Nakumbuka siku moja ya Jumamosi, mwanangu, siku niliyomlilia baba yangu naye yu hai, yumo ndani anakunywa uji. Sikuwa na nia ya kukusimulia. Yako mambo mtu huyabeba mpaka akasahau kwamba ameyabeba, akajua tu kuwa mabega yanamuuma. Lakini jana ulikuja hapa Mtoni na wenzako wa chuo, mkakaa barazani kwangu, mkanionyesha kwenye simu mpango wa video ya wimbo wenu: nani ataimba, nani atashika kamera, jua litakuwa upande gani. Nikakusifu moyoni. Kisha ukasema mnauomba uwanja wangu, na kwamba mtafunga turubai, kwa kuwa ubeti wa pili ni wa msiba. Ukasema pia, huku unacheka, kuwa umekuja kwa shangazi kwa sababu baba yako amekataa, na amekataa kwa sababu hapendi muziki.

Baba yako Kassim anapenda muziki, mwanangu. Hebu kaa. Nitasema polepole, maana nimechoka na magoti hayanitaki tena, na habari yenyewe si ya kusema mbio.

Babu yako Mzee Salehe hukumkuta. Alikuwa kuli wa bandarini, na kazi ile ilimwachia kifua kibovu. Wakati ninaousema alikuwa amelala ndani wiki nyingi, anatoka kwa kujikongoja. Mtaa mzima ulijua. Kila aliyepita aliuliza, "Mzee kaamkaje?" Mimi nilikuwa msichana, karani kwenye ofisi ya kutoa mizigo pale Kurasini. Asubuhi nampikia uji, naenda kazini, jioni narudi. Baba yako ndiye mdogo wangu pekee, na alikuwa ameshapata kazi kiwanda cha saruji Wazo, amepanga chumba hukohuko, upande mwingine kabisa wa jiji.

Jirani yetu wa mkono wa kushoto alikuwa na kijana anaitwa Fadhili, anasoma chuo mambo ya kamera. Wakati huo video za nyimbo ndiyo kwanza zimepamba moto, na kila kijana wa Temeke alijiona msanii. Fadhili na wenzake walitakiwa watengeneze video moja kama mtihani wao wa mwisho. Wasipoipeleka, wanarudia mwaka. Na mwanangu, sijaona kijana anayejipanga kama yule. Alichora kila picha kwenye karatasi kabla ya kuigusa kamera. Alikuja uwanjani kwetu asubuhi, akaja mchana, akaja jioni, anatazama kivuli cha nyumba kinaangukia wapi. Umeme ulikuwa wa kukatika, akatafuta jenereta. Alimwona mjumbe wa mtaa, akampa taarifa. Aliongea na mama yake juu ya wali wa kuwalisha watu. Hata mvua aliipangia, akasema ikinyesha watahamia barazani. Alipanga mpaka mvua, lakini majirani hakuwapangia.

Akamfuata baba kitandani kuomba uwanja. Nilikuwepo.

"Shikamoo babu. Tunaomba uwanja wako Jumamosi tupigie picha za wimbo. Ni mtihani wetu wa chuo."

"Marahaba. Wimbo wa nini? Wa harusi?"

"Wa mapenzi tu, babu, mambo ya vijana."

"Haya, uwanja huo. Msinivunjie mipapai."

Na hakusema uongo. Wimbo ulikuwa wa mapenzi kweli. Ila kijana wa ndani ya wimbo anakufa, na msichana anakuja msibani amechelewa. Hilo Fadhili hakulitaja. Naamini hakulificha, aliona tu ni jambo la kwenye karatasi zake. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini kuuliza nusu kuna madhara yake.

Jumamosi ile nilikuwa zamu ofisini. Kabla ya adhuhuri akaingia dereva mmoja anayekaa Mtoni, akaniangalia, akavua kofia.

"Dada Zuhura, pole sana."

"Pole ya nini?"

Akababaika. "Kwani hujaambiwa? Nimepita kwenu sasa hivi. Kuna turubai, wanaume wamekaa nje, kina mama wanaingia na kanga kichwani."

Wewe ni mtoto wa Dar, mwanangu, sina haja ya kukueleza maana ya turubai mbele ya nyumba yenye mgonjwa. Halihitaji mtu wa kulisemea. Nilichukua simu ya ofisi nikampigia Kassim, alikuwa amenunua kasimu kadogo siku si nyingi. Nikamwambia, "Kassim, baba hatunaye." Akapiga ukelele mmoja, basi. Mimi nikatoka mbio, viatu mkononi, katikati ya malori ya makontena, nalia kwa sauti, watu wananipisha.

Nilipofika nikayaona kwa macho yangu. Turubai lile, viti vya plastiki, sufuria kubwa jikoni pa nje, kina mama wamekaa mkekani wameinamisha vichwa. Nikajitupa chini. Nilimlilia baba kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia leo. Na katika kulia kwangu nikasikia sauti ya kijana nyuma yangu inasema, "Huyu sista mkali, analia kinoma. Msimguse, acha kamera itembee."

Walidhani ni mwigizaji wao amefika. Fadhili peke yake ndiye aliyenijua. Akaja mbio akaweka kiganja chake mbele ya kamera, akapiga magoti pale nilipo. "Dada Zuhura, mzee mzima. Wallahi mzee mzima. Ni picha tu, dada."

Sikumwelewa. Kilichonifanya nielewe ni mlango. Ulifunguka, baba akatoka na msuli wake na fimbo, pumzi zinamkata, akatazama uwanja mzima ulivyojaa. Wakati huo hawakuwa waigizaji tu. Majirani wa kweli walikuwa wameshaanza kuingia, wengine na machozi ya kweli. Baba akauliza:

"Nani kafa?"

Akapiga fimbo chini.

"Nauliza, nani kafa nyumbani kwangu na mie sijaambiwa?"

Bi Tatu wa nyumba ya nyuma akashika mdomo. "Uchuro huu," akasema. "Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Mnamchuria mzee wa watu." Wanaume wakaanza kupandisha sauti, mmoja akaenda kukata kamba za turubai. Mimi nilikuwa nimemshika Fadhili ukosi, na mwanangu, ningemuumiza.

"Muache," baba akaniambia. "Na wewe acha hiyo kamba." Akatafutiwa kiti, akakaa mbele kabisa, pale anapokaaga mkubwa wa msiba. Akamwita Fadhili.

"Uliniomba uwanja, nikakupa. Hukunambia unataka kunizika."

"Tunaigiza tu, babu. Nisamehe."

"Wewe unaigiza. Hawa waliokuja na kanga zao wanaigiza? Huyu mwanangu aliyetoka Kurasini miguu mitupu anaigiza?" Akapumzika, maana kifua kilikuwa kinambana. "Sikiliza. Turubai ni ahadi. Likifungwa, watu wanaacha kazi zao wanakuja, hawaulizi mara mbili. Ukilichezea hilo, siku ya kweli atakuja nani?"

Fadhili analia. Baba akamuuliza kamera ya chuo inarudi lini, akajibiwa jioni hiyohiyo. Akasema basi, malizeni, ila huo msiba muuondoe, geuzeni iwe karamu, na mimi nitakaa hapahapa kila anayekuja kuzika anione. Vijana wakahangaika, wakabadilisha, kanga zikashushwa mabegani, wali ukaliwa. Na baba, mwanangu, siku ile alichangamka kuliko siku zote za ugonjwa wake. Kila aliyeingia na uso wa majonzi alimpokea, "Karibu, marehemu mimi hapa. Wewe sijakuona tangu Idi." Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Baba yako alifika alasiri, amevaa nguo za kazi, saruji mpaka kwenye nyusi. Aliacha zamu bila ruhusa, akavuka jiji zima akijua anakuja kuzika. Akamkuta baba chini ya turubai na kikombe cha chai. Hakucheka. Alimshika baba mkono, akaenda nyuma ya nyumba akakaa peke yake muda mrefu. Alipoondoka aliniambia neno moja tu: "Dada, siku nyingine hakikisha kwanza."

Fadhili alifaulu. Hadithi ya Mzee Salehe aliyehudhuria msiba wake ikawa kichekesho cha Mtoni nzima, na sisi wenyewe tulikuwa tukiisimulia. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

Masika yalipoingia, baba akafariki. Alifariki alfajiri, mkono wake umo mkononi mwangu. Hapo hapakuwa na wa kuniambia nihakikishe.

Turubai likafungwa palepale. Na watu wakapita, mwanangu. Nilikuwa mlangoni, nawaona. Mama mmoja muuza mihogo, mtu wa kwetu kabisa, akapunga mkono kutoka barabarani, "Leo wimbo gani?" Akaenda zake. Kijana mmoja aliingia anatafuta kamera. Mpaka jua limepanda viti vilikuwa vitupu, na babu yako hakuwa mtu wa kukaa na viti vitupu.

Nilimpigia Kassim mapema. "Kassim, baba ametutoka."

Nikamsikia akishusha pumzi. "Dada, huo mchezo tulishaucheza. Niko zamu."

"Kassim, Wallahi."

Akakata. Nilipopiga tena alikuwa ameizima, maana kazini hawakuruhusiwa simu. Tukamtuma mtu mpaka Wazo. Foleni, mvua, geti, kumsubiri aitwe huko ndani. Nikawaomba wazee wangoje. Wakangoja adhuhuri, wakangoja alasiri, kisha wakaniambia kwa upole kuwa maiti haiwekwi. Kwetu mtoto wa kiume ndiye anayeingia kaburini kumpokea baba yake. Nafasi ya baba yako ilikuwa wazi. Aliyeshuka ni Fadhili, bila kuambiwa, akampokea babu yako kwa mikono miwili. Tangu asubuhi alikuwa yeye anafunga kamba, anapanga viti, anapita nyumba kwa nyumba anawaambia watu, "Ni kweli jamani, safari hii ni kweli."

Kassim alifika kaburi limeshafukiwa. Mpaka leo simu haimwiti mara mbili. Hata akiwa anaswali, akimaliza tu anaishika. Wewe unamcheka kwa hilo, nimekusikia. Sasa unajua.

Sikukusimulia ili umchukie Fadhili. Ni mtu mzima siku hizi, na Idi haipiti hajaja kunisalimia. Wala simlaumu baba yako, na nafsi yangu nimechoka kuilaumu. Nataka ushike haya tu. Ukiomba uwanja wa mtu, mwambie na utakachokifanya uwanjani, chote, hata kile unachoona kidogo, maana kidogo chako kinaweza kuwa kikubwa chake. Mpango wako wa video usianze na kamera. Anza kwa kupita milango ya jirani, ubishe hodi, uulize nani anaumwa, nani ana mzazi kitandani. Nyuma ya ukuta huu Bi Tatu mwenyewe sasa ndiye mgonjwa, na wanawe wako mbali, wanategemea macho ya watu. Na zile alama ambazo watu hukimbilia bila kuuliza usizifanye pambo. Ubeti wenu wa pili hauhitaji turubai. Mwekeni huyo msichana mbele ya kiti kitupu, sisi watazamaji tutaelewa. Mimi nilikiangalia kiti kitupu nikaelewa.

Uwanja nitakupa. Lakini si kwa kumzunguka baba yako. Kabatini mwangu kuna CD ambayo Fadhili alinitengenezea baada ya mazishi. Babu yako yumo, amekaa kitini, anarekebisha kofia, anamcheka mtu aliye nje ya picha. Hatuna picha nyingine yake inayotembea. Kassim hajawahi kuitazama, na mimi sijawahi kuwa na nguvu za kumpelekea. Ichukue wewe. Keti naye, muitazame pamoja, halafu ndipo umwombe.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki kazi ya mikono yenu, akupe wimbo utakaochezwa harusini, na akupe adabu ya kubisha hodi kabla ya kufunga kamba. Siku ukiita watu, waje. Na siku wewe ukiitwa, Mungu akujalie uwahi.