Vichwa Vyekundu Kwenye Mtama

Mjukuu wangu ameanika mtama ulioloa mvua hapa uani, na harufu yake imenitoa machozi, mimi nisiyelia ovyo. Ndiyo harufu ya shamba letu asubuhi ile niliyopewa kazi ya kuwinga ndege, kombeo mkononi, umande miguuni.

Nyumbani kulikuwa na vindege vyekundu vilivyodonoa chenga pembeni ya kinu. Vile havipigwi mawe. Bibi alisema ni wazee wetu waliokufa wamekuja kuonja. Basi nilipoona vichwa vyekundu katikati ya masuke, nikashusha kombeo, nikaamkia kwa adabu, "Shikamooni, wazee." Nilijiona mtoto mwenye akili!

Vya kinuni ni vyekundu mpaka kifuani. Hawa wa shambani, kwelea walao nafaka, walikuwa wekundu kichwani tu, na miili yao ya rangi ya majani makavu ilifichwa na mtama. Wenzao wakaja, kundi likatua kama moshi. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mama alikuja mbio, mdogo wangu mgongoni. "Ulikuwa unatazama nini, wewe?"

"Nilidhani ni wazee, mama."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Alikata suke, akalipukuchua kiganjani, yakatoka makapi matupu.

Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza ameanza uji. Hakuyaona mavuno mengine, yule mtoto. Siku zile za njaa mama alimchemshia maji ya chumvi, akamwambia, "Kunywa, baba, uji huo," naye akanywa, akaramba midomo.