Mkono wa Zuena, Maneno ya Mjomba

Mwaka 1952 Zuena Sadala wa Mazingara, Handeni, aliarifiwa na chuo cha ualimu kwamba amefaulu usaili, lakini nafasi zimejaa. Jina lake limewekwa akiba. Ataitwa iwapo mmoja wa waliochaguliwa hatafika. Chuo hicho hakikupokea wanafunzi kila mwaka, na zamu nyingine ingemkuta amekwisha kupita umri uliotakiwa. Ilikuwa sasa, au jembe.

Mwalimu wake wa zamani, huko Korogwe, alimhimiza aandike kueleza kwa nini anastahili kuliko wenzake wa akiba. Shauri hilo lilimtisha kuliko habari yenyewe. Katika ukoo wao mwenye haja hajisemei. Husemewa, na msemaji wake ni mjomba. Kujitajia mema mbele ya unayemwomba ni utovu wa adabu.

Akaenda kwa mjomba wake, Mbwana, akamkuta anapukuchua mahindi.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Mbona umekonda? Chuo kimekutafuna kabla ya kukumeza?”

Alipokwisha kuelezwa, mzee aliweka gunzi chini. “Lete kalamu. Nitasema mimi.”

Mbwana hakujua kuandika. Alitamka, Zuena akaandika: salamu za ukoo, habari za mvua, kisha sifa za mpwa wake, nyingine zikimfanya mwandishi ainamishe uso. Mwisho mzee akatia dole gumba.

Barua ilikuwa imekwisha kwenda ndipo Zuena, akiwa shambani, aliposimama ghafla katikati ya tuta. Maombi yake ya kwanza nayo aliyaandika kwa mkono wake huohuo. Mkuu wa chuo akiziweka karatasi hizo pamoja, ataona nini, kama si binti anayejisifu kwa jina la mzee?

Tangu hapo hakutulia. Barua za watu wa Mazingara zilifikia dukani kwa Akber, Handeni mjini, naye Zuena hakukosa gulio hata moja.

“Dada, hata lori la posta haliji mara nyingi hivi,” Akber alimtania mbele ya wateja. “Au unamngoja dereva?”

Watu walicheka. Zuena alitazama mikono ya Akber ikipekua bahasha.

Hatimaye jibu lilikuja, fupi: “Barua ya mjomba wako ina mwandiko wako. Maneno haya ni ya nani? Na wewe mwenyewe unasemaje?”

Alifika kwa Mbwana akihema, akamsomea jibu hilo. “Wameniona mwongo, mjomba!”

“Soma tena hapo mwisho.”

Akasoma.

“Sasa unatetemeka nini? Mwombaji hajisemei. Lakini aliyeulizwa akinyamaza, huyo ana jeuri. Kaandike.”

“Niseme yote?”

“Kwani umeulizwa nusu?”

Safari hii aliandika peke yake. Alieleza kwamba maneno yalikuwa ya mjomba, na mkono ulikuwa wake yeye kwa sababu mjomba hakusoma. Na kwamba kwao mtu huanza kusemewa. Kisha akasema lake. Alikuwa akiwafundisha kina mama wa Mazingara kusoma, kwa mkaa juu ya ubao wa mlango, na baadhi yao sasa walijisomea barua za waume zao walioko katika mashamba ya mkonge ya Korogwe. Walipomwomba hesabu, aliwafikisha kwenye kuzidisha akakwama; kugawanya alikujua mwenyewe, ila hakujua namna ya kukufundisha. “Nisipoitwa,” aliandika, “watabaki na mwalimu asiyeweza kuwafundisha kugawanya.”

Siku ya kufungua chuo ilipita. Zuena alirudi shambani, akaacha kwenda gulio. Ni Akber aliyemtumia barua ya chuo kwa mkono wa mchuuzi wa chumvi.

Kabla Zuena hajaondoka kwenda chuoni, Mbwana alitaka kujua alichoandika. Alimsomea kwa kichwa. Mzee aliguna.

“Hapo pa kugawanya umejishusha.”

Zuena akaikunjua barua ya chuo, akamwonyesha mstari wa chini ya wito, ingawa alijua mzee hawezi kuusoma.

“Wameandika hapa, mjomba: ‘Mmoja hakufika. Njoo upesi ujifunze kufundisha kugawanya.’”