Nimemfelisha bibi wa watu

Leo nimemfelisha bibi wa watu mtihani, na mimi nilienda kupaka rangi tu.

Ni kwenye nyumba ya wazee, huku Kikwe. Niko juu ya ngazi, nesi akaingia kumpima bibi mmoja kama bado anajua siku na miezi. Akifeli, haruhusiwi tena kutoka getini peke yake kwenda kanisani.

"Bibi, leo ni siku gani?"

Bibi akaniangalia. Nikamwonea huruma, nikamnong'oneza: Jumanne.

"Jumanne," akasema kwa sauti.

Nesi akatikisa kichwa. Leo ni Alhamisi, jamani.

Bibi akanigeukia. "Mimi nilijua ni Alhamisi! Jana wanawake wamepita hapo nje na ndizi kwenda soko la Tengeru, la kila Jumatano. Nikadhani wewe mwenye simu unajua zaidi."

Simu ilikuwa imezima. Na kazi zetu hazina Jumapili, siku zote zinafanana.

Nesi akacheka, akanihamishia maswali mimi.

"Kwenu wapi?"

"Singida."

"Mara ya mwisho umeenda lini?"

Nikafikiri. Nakumbuka mvua ilikuwa inanyesha na mama alinisindikiza hadi barabarani. Mwaka sikuupata.

Bibi akaninyooshea kidole.

"Nesi," bibi akasema, "huyu ndiye wa kufungiwa geti. Mimi Jumapili naenda kanisani."

Amepewa ruhusa yake. Mimi nimerudi kwenye ngazi.

Haya, na wewe, bila kuangalia simu: nyumbani umeenda lini?